Daftari la Hasira Zangu

Sehemu ya saba

Wasomaji wangu, mliniacha nikiwa nimebakiza siku tatu kutimiza arobaini. Wengine mlinitumia ujumbe: "Kaza roho, fundi, umeshafika." Nawashukuru. Ila kama kuna aliyenunua gazeti la leo akitafuta furaha, alikunje afungie sabuni. Leo nasimulia siku ya thelathini na nane.

Kwa wewe uliyedandia hadithi njiani, nikufupishie. Mimi ni fundi wa magari, na ni mtu wa hasira. Sisemi hasira ya kununa. Nasema hasira ya kurusha. Nilirusha spana ikapasua kioo cha gari la mteja, nikafukuzwa kwenye karakana kubwa niliyofanya kazi miaka tisa. Miezi miwili baadaye nilipiga teke mlango wa chumba changu mwenyewe, na nyuma ya mlango alikuwa amesimama binti yangu wa miaka saba, yule tunayemwita Kisauti.

Jino lake la mbele liling'oka. Watu wakanifariji kwamba ni jino la utoto, lingeng'oka tu. Mimi najua lilivyong'oka.

Mke wangu hakunitukana. Alikunja nguo za mtoto moja moja, akazitia kwenye begi, wakahamia kwa kaka yake.

Huyo kaka, shemeji yangu, ni karani wa mahakama. Hata chai hunywa kama anasikiliza kesi. Aliitisha kikao cha familia, akaleta makubaliano yaliyochapwa, nikatia sahihi mbele ya wazee wa pande zote mbili. Siku arobaini bila kurusha kitu, bila tusi, bila kuinua mkono, na kila wiki niende kwa mshauri. Nikivuka, mke na mtoto wanarudi nyumbani. Nikiteleza hata mara moja, talaka, na mtoto nitamwona kwa ruhusa.

Mshauri mwenyewe ni muuguzi mstaafu, mama mnene mwenye kicheko cha karibu.

"Hasira ikikujia unafanya nini?" aliniuliza siku ya kwanza.

"Naizuia."

"Inazuilika?"

"Ingezuilika ningekuwa hapa, mama?"

Akacheka mpaka akafuta macho. "Basi acha kuizuia. Itazame tu."

Nilidhani ananichezea shere. Lakini akanipa daftari la jalada la kijani na kunieleza kazi yake. Moto ukipanda, weka chini kilichomo mkononi. Nenda pembeni. Sikiliza mwili: wapi panabana, wapi panawaka. Halafu andika, na kila sentensi ianze na "Naona wazo." Usiandike "Nitampiga." Andika "Naona wazo la kumpiga." Wazo si amri, na si wewe. Likishaondoka lenyewe, andika "Limepita." Kisha rudi kazini.

"Na lisipopita?" niliuliza.

"Litapita. Ila usishike chombo kabla hujaliandikia."

Jamani, ilifanya kazi. Siku ya tano: naona wazo la kuimwagia maji redio ya jirani. Kifua kinabana. Limepita. Siku ya kumi na moja: naona wazo kwamba mke wangu ananicheka kule aliko. Koo linauma, kumbe ni kilio, si hasira. Limepita. Siku ya ishirini na sita: naona wazo kwamba mimi ni kama baba yangu. Hilo lilichukua karibu saa nzima, lakini nalo lilipita.

Mke wangu alipokuja kunitazama siku ya thelathini, alilisoma lote akiwa amesimama. Akanipapasa shavu. Sikuwa nimeguswa shavu tangu siku ya mlango ule.

Sasa siku yenyewe.

Karakana ninayofanyia kazi sasa ni ya mzee tunayemwita Mzee Nati. Ni banda la mabati, shimo moja, jeki mbili, na sheria zisizohesabika. Kubwa kuliko zote ni ya chaki.

Bolti ya breki, kwa Mzee Nati, haikazwi kwa kukisia. Inakazwa kwa spana ndefu yenye kipimo, ambayo anaifungia kabatini na ufunguo anauvaa shingoni. Unamwendea, anafungua, anakupa, unakaza gurudumu moja, unairudisha. Gurudumu la pili, unaiendea tena. Ukishakaza unapiga mstari wa chaki juu ya kichwa cha bolti. Mstari ule ni kiapo. Bila chaki, gari halishuki kwenye jeki.

Kila fundi ana kipande chake cha chaki mfukoni. Mkono ukizoea unapiga mstari wenyewe kama unavyofunga kifungo cha shati.

Saa tatu asubuhi, gari la shemeji likaingia getini.

"Shemeji!" alisema akishuka. "Nimekuja kukuunga mkono. Breki za mbele zinalia."

"Karibu, shemeji."

"Nasikia unaendelea vizuri."

"Tunajitahidi."

Kwenye mfuko wa shati lake niliona ncha ya karatasi, ile ile yenye sahihi yangu. Nikajua sikuletewa kazi. Nililetewa mtihani.

Akakaa juu ya tairi kuukuu, hatua tatu kutoka kwangu, akakunja nne. Nikafungua gurudumu la kulia, nikabadilisha pedi za breki, nikachukua spana ya Mzee Nati, nikakaza, nikapiga chaki, nikairudisha. Hakuna neno. Nikahamia kushoto.

Nilikuwa nazungusha bolti mbili za kalipa kwa vidole, kile chuma kinachozishika pedi, aliposema, "Kisauti alianguka ngazini juzi."

"Ameumia?"

"Goti tu. Lakini unajua alivyolia? Mjomba! Mjomba! Hakumwita baba."

Nikaendelea kuzungusha.

"Mtoto humwita anayemwona," nikasema.

"Ndiyo hivyo. Ndiyo maana nikaenda shuleni kwao. Nimebadilisha pale penye jina la mzazi. Nimejiandika mimi."

Mkono wangu ukasimama.

"Umejiandika wewe."

"Utaratibu tu, shemeji. Karatasi. Usione vibaya."

Nawaambia ukweli kama nilivyoahidi tangu sehemu ya kwanza. Damu ilipanda mpaka nikasikia masikio yanavuma. Kando ya mguu wangu palikuwa na jeki ndogo ya chuma, na niliuona mkono wangu unaipenda. Shemeji alikuwa ananitazama bila kupepesa, na miguu yake ilikuwa imeshajiweka sawa kukimbia.

Sikuigusa. Nikasimama, nikatoa daftari mfuko wa nyuma.

"Nipe dakika," nikasema, nikaenda nyuma ya mapipa ya oili.

Niliandika hivi, na nayanakili bila kupunguza:

"Siku ya thelathini na nane, saa nne na robo. Masikio yanawaka. Meno yameumana. Mikono baridi. Naona wazo la kumvunja taya. Naona wazo kwamba mtoto wangu ameibiwa kwa kalamu. Naona wazo: gari lake lisisimame."

Hilo la mwisho lilinishtua mwenyewe. Lilikuwa dogo na tulivu. Yale mengine yalipiga kelele, hili lilikuja kama mtu anayeomba chumvi. Nikalitazama kama nilivyofundishwa. Nikavuta pumzi. Nikangoja liondoke.

"Moto!" Ndivyo Mzee Nati anavyoniita. "Wewe Moto! Kuna gari linasubiri jeki hapa, umekwenda kulima?"

"Nakuja, mzee."

Nikafunga daftari, nikarudi.

Nikachutama mbele ya gurudumu la kushoto. Bolti mbili, mistari miwili ya chaki, myeupe na safi. Nikasema, kumbe nilishamaliza. Nikavisha tairi, nikateremsha gari. Mzee Nati akaingia, akalizungusha uani mara moja, akakanyaga breki, likatii.

Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa najisifu. Nilijiona nimeuvuka mto kwa miguu mikavu.

Shemeji akainuka kwenye tairi lake. Akanijia, akatoa ile karatasi mfukoni. Nikajiandaa kusikia lolote. Badala yake akairudisha, akanishika mkono, mkono wenye grisi, kwa mikono yake yote miwili.

"Umenishinda," akasema.

"Nimekushinda nini?"

"Ile ya shule ni uongo. Sijaandika jina langu popote. Na mtoto alipoanguka alikuita wewe, mpaka tukachoka."

Hakuuachia mkono wangu.

"Nilitaka nione, shemeji. Yule ni mdogo wangu, na yule ni mpwa wangu. Siwezi kuwarudisha kwa mtu kwa kusikia tu. Nilikuja nimejiandaa unipige, nikupeleke mahakamani leo leo." Akacheka kidogo, kicheko cha aibu. "Siku mbili zilizobaki nakusamehe. Jumamosi njoo na gari uwachukue."

"Jumamosi hii?"

"Hii hii. Sasa napita ofisini, halafu saa sita namchukua Kisauti shuleni. Nitamwambia mwenyewe njiani."

Nilimkumbatia na ovaroli yangu chafu. Alikubali shati liharibike. Gari likatoka getini, nikalipungia mpaka likapotea. Nililia nyuma ya mapipa, na safari hii sikuandika kitu.

Saa saba kasoro robo, simu ikaita. Mke wangu. Nilipokea nikicheka.

"Mama Kisauti! Umesikia habari?"



"Breki zimekataa," akasema.

"Breki za nani?"

"Za kaka. Pale kwenye mteremko wa shule. Amekanyaga, pedali imezama mpaka chini, gari likawa linateremka tu na honi. Watoto walikuwa wametoka. Wamesimama getini."

Nikashika nguzo ya banda. "Mtoto?"

"Alikuwa mbele kabisa. Aliliona gari la mjomba wake, akakimbia kulipokea."

"Mtoto, mama! Mtoto yuko wapi?"

"Mzima. Kaka alikata usukani akaingia ukutani. Angeweza kunyoosha, Baba Kisauti, hakukuwa na ukuta mbele, walinzi wamesema. Lakini mbele alikuwa mtoto. Akachagua ukuta."

Nikakaa chini kwenye sakafu yenye oili.

"Na yeye?"

"Hajafumbua macho. Wamemwingiza chumba cha upasuaji."

"Nakuja."

"Usije. Sikiliza. Polisi wanauliza gari limetengenezwa na nani, na kuna jirani ameshawaambia mlikuwa na ugomvi. Nimewaambia ilikuwa zamani. Nimewaambia mume wangu amebadilika, na ushahidi ninao." Sauti yake ikapata nguvu. "Nimewaambia habari za daftari. Tunakuja na sajini hapo sasa hivi, alione mwenyewe. Usiogope, sawa?"

Akakata.

Mzee Nati alikuwa amesimama juu yangu. Alisikia yote, maana simu yangu ina sauti ya kengele.

"Gari la asubuhi?" akauliza.

"Ndiyo."

"Upande gani umefunguka?"

"Hawajasema."

"Ulikaza?"

"Nilipiga chaki, mzee. Pande zote mbili."

"Sikukuuliza chaki." Akaushika ule ufunguo wa shingoni. "Spana yangu uliichukua mara moja. Mara moja, Moto. Magurudumu ni mangapi?"

"Mawili," nikasema.

Nilijaribu kukumbuka. Naikumbuka spana upande wa kulia, uzito wake na mlio wake inapofikia kipimo. Upande wa kushoto nakumbuka vidole. Nakumbuka "Mjomba! Mjomba!" Nakumbuka jeki ndogo. Chaki siikumbuki kabisa.

Nikatoa daftari nikalifungua siku ya thelathini na nane. Kwenye ukingo wa ukurasa, mahali dole gumba linaposhika, palikuwa na alama nyeupe ya kidole, na mistari yake yote inaonekana.

Maana yake chaki ilikuwa mkononi kabla sijaandika. Nilipiga kiapo juu ya bolti nilizozikaza kwa vidole, halafu nikainuka, nikaenda kuyatazama mawazo yangu. Niliyaona yote. Mkono wangu ndio sikuuona. Bolti ya namna hiyo hushika kidogo, uani itakutii, na njiani hulegea kwa kila shimo mpaka chuma kinachomoka na kuuchana mpira wa breki.

Halafu nikaona kitu kingine. Kurasa zote nilizogeuza, nyuma mpaka mwanzo, ziliishia kwa neno moja. Ukurasa ule haukuwa nalo. Mzee Nati aliita, nikafunga daftari. Sikuandika "Limepita" kwa sababu lilikuwa halijapita.

Mzee akasoma juu ya bega langu. Alisoma polepole, midomo ikitikisika, mpaka alipofika kwenye "gari lake lisisimame." Akarudi nyuma hatua moja. Mzee yule aliyenipa kazi wakati kila karakana ilinifungia geti, alirudi nyuma.

"Mimi naamini ni bahati mbaya," akasema. "Lakini polisi hawasomi moyo. Wanasoma maandishi."

Akaelekeza kidevu kwenye jiko la chai. Makaa yalikuwa mekundu.

"Mimi naenda kufunga geti la nyuma," akasema, akaondoka bila kugeuka.

Nikasimama mbele ya jiko na daftari mkononi. Naona wazo: lichome. Naona wazo: ukilichoma, unachoma siku thelathini na saba zilizokurudishia mke. Naona wazo: ukiliacha, mtoto atakua anajua baba yake alitaka kumuua mjomba wake. Naona wazo: je, ulitaka?

Hilo la mwisho ndilo lililonigandisha. Nilisimama nalitazama, na joto la makaa linaniunguza vidole, na sikupata jibu. Mama mshauri alinifundisha kuangalia wazo linalopiga kelele. Sijui alinifundisha nini kuhusu lile linalofanya kazi kimya kimya kwa mkono wangu mwenyewe.

"Huyo hapo!"

Nikageuka. Mke wangu alikuwa anaingia mbio, kitambaa kimemteleza kichwani, damu ya kaka yake imekauka kwenye mkono wa gauni. Nyuma yake sajini wa trafiki, mtu wa makamo, anatembea taratibu, macho yanazunguka bandani na hayasahau kitu.

"Ndilo hilo," mke wangu akamwambia. Akalichukua mkononi mwangu kabla sijasema. "Hili hapa, afande. Nilikwambia."

Sajini akalipokea, akafunua ukurasa mmoja, akakunja uso. "Mwandiko wa mafundi na wa madaktari ni ndugu. Wewe unauweza?"

"Nauweza. Mimi ndiye niliyekuwa nasoma barua zake."

"Soma basi."

Akaanza siku ya kwanza. Alisoma kwa sauti ya kiburi, kama mzazi anayesoma ripoti ya mtoto aliyefaulu. Redio ya jirani. "Limepita." Sajini akatabasamu. Mteja aliyeniita mjinga. "Limepita." Siku ya kumi na moja alipoisoma, sauti ilimkatika, akafuta machozi kwa kiwiko, akaendelea.

"Unaona, afande? Huyu ndiye mtu mnayemuuliza."

"Endelea, mama."

Akageuza. Ishirini. Ishirini na sita. Mimi nilikuwa nazihesabu kurasa zilizobaki kama mgonjwa anayehesabu sindano. Thelathini na tano. Ningeweza kusema, "Simama, hilo linalofuata nitalisema mwenyewe." Maneno nilikuwa nayo, yamejipanga kabisa kooni. Sikuyasema. Nilikuwa naogopa, ndugu zangu, na hilo nalo naliungama.

Thelathini na saba. Akageuza.

"Siku ya thelathini na nane," akasoma.

Akanyamaza.

Niliona macho yake yanakwenda upande mmoja, yanarudi, yanashuka mstari. Niliona yalipofika. Uso haukubadilika hata kidogo, ila dole gumba lake lilisogea polepole likaifunika ile alama nyeupe.

"Mama?" sajini akasema.

"Mwandiko umefifia," akajibu. Akavuta pumzi. "Siku ya thelathini na nane. Shemeji amekuja kutengeneza gari. Naona wazo kwamba ananipenda, kwa namna yake. Limepita."

Hakuna neno hata moja kati ya hayo nililoliandika.

Alisoma huku ananitazama mimi, si daftari. Halafu akalifunga, akalitia kwenye mkoba wake, akafunga zipu.

Sajini akashusha pumzi. "Sawa. Mkaguzi wa magari atalifungua lile gurudumu kesho asubuhi, ndipo tutajua. Daftari litunzeni, huenda tukalihitaji." Akaniangalia. "Na wewe usitoke mjini."

"Sitoki, afande."

Akaenda kwa Mzee Nati kuulizia spana na makabati. Tukabaki wawili, mimi na mke wangu, na jiko la chai kati yetu.

"Mama Kisauti," nikaanza.

"Usiniite." Aliongea chini sana. "Nijibu tu. Ulikaza?"

"Sikukaza."

"Kwa makusudi?"

Nikamwambia ukweli, nao ulikuwa mbaya kuliko uongo wowote. "Sijui."

"Hujui."

"Nilidhani nimekaza. Niliona chaki. Naapa niliona chaki."

"Chaki ya nani?"

"Yangu."

Alifumba macho. Nilitaka anipige. Ningefurahi angechukua kitu chochote pale bandani akanirushia, maana hiyo ndiyo lugha ninayoijua. Akafumbua, akasema kama mtu anayepanga vyombo kabatini.

"Nimedanganya polisi. Nimedanganya kwa ajili ya mtoto, si kwa ajili yako. Yule mtoto leo ameona mjomba wake akiingia ukutani ili yeye abaki, na bado hajaacha kutetemeka. Siwezi kumwambia siku hiyo hiyo kwamba na baba yake nimempeleka jela."

"Nisikilize..."

"Nimekusikiliza miaka minane. Kaka akizinduka, hili daftari nitalichoma kwa mkono wangu na hatutalizungumza tena. Kaka akifa, nitarudi kwa sajini, nitalisoma upya. Na safari hiyo nitasoma kilichoandikwa."

Akajifunga kitambaa, akaelekea getini.

Mtu niliyetaka gari lake lisisimame, sasa nilikuwa namwombea apumue. Nilimtaja mbele ya Mungu kwa jina lake lote, na la baba yake. Na bado sikujua kama namwombea yeye au najiombea mimi.

Hakuwa amefika getini simu yake ilipoita.

Alisimama. Akaitoa, akaangalia nani anapiga. "Hospitali," akasema, bega lake likashuka. Iliita mara ya pili, mara ya tatu. Kisha akageuka, akanitazama moja kwa moja machoni, mkono mmoja umeushika mkoba, na ndipo akaipeleka simu sikioni.